Kucha za Kapteni

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Mume wangu Projestus kasema leo wakati wa chai. Mwisho wa mwezi huu mimi na Didas tutapanda treni mpaka Mwanza, halafu meli mpaka Bukoba, tukakae kwa mama yake Kamachumu. Mpaka hapo mshahara utakapopanda. Mji umetushinda, kasema. Kasema kwa upole, ndiyo maana iliniuma zaidi. Didas ana miezi minane. Ameanza kusema "baba" juzi tu! Huko akamwite nani baba, mgomba?

Nikamuuliza, tukipata cherehani je? Nishone nguo za watoto, niuze hapa barazani. Masista walinifundisha kushona kabla hata ya kunifundisha kusoma. Akacheka. Halafu akasema haya, Auleria, siku cherehani ikiingia ndani ya chumba hiki, huendi popote.

Cherehani ipo! Ipo Oysterbay kwa Memsabu, mke wa Bwana wa ofisini kwa Projestus. Ya mkono, nyeusi, ina maua ya dhahabu ubavuni. Amenunua mpya. Alipokwenda Lushoto kupumzika alimwacha mbwa wake, Kapteni, hapa kwetu Temeke, kwa kuwa mume wangu ni karani wa Bwana na Albano wa chumba cha pili ni dereva wake. Akasema mwanamke wa nyumba hii atakayemtunza Kapteni vizuri atapewa cherehani ile ya zamani. Mwanamke. Mmoja. Na sie tuko wawili, mimi na Tekla wa Albano.

Kamba ya mbwa kapewa Tekla. Kwa nini? Kwa sababu dakika ile mie nilikuwa ndani nambadilisha Didas winda. Winda moja tu!

Memsabu anarudi Jumamosi ya tarehe 14.

Jumanne, 3 Agosti

Tekla kamwogesha Kapteni kwa sabuni ya mche. Kamchana kwa kitana chake mwenyewe. Kamwimbia nyimbo za kwao Songea. Mbwa kafumba macho kama mzee anayenyolewa ndevu. Ni mbwa mweupe, miguu mifupi, masikio kama majani ya mgomba yaliyonyauka. Sijui wanampendea nini.

Simchukii Tekla. Ni mtu mzuri. Hapo ndipo anaponiudhi.

Hata Didas. Akimwona Tekla hunyoosha mikono miwili. Akiniona mimi hunyoosha mmoja, wa pili unabaki mdomoni.

Nimepata njia. Dagaa! Nimewafunga kwenye pindo la khanga. Kila nikipita karibu na banda la kuni, dagaa mmoja ananidondoka kwa bahati mbaya. Leo nimekuwa na bahati mbaya kumi na nne. Jioni Kapteni kamwacha Tekla na kitana chake hewani, kanifuata mimi mpaka bombani. Wanawake wote wa foleni wameona. Tekla kaona. Nimechota maji nikicheka peke yangu, ndoo ikafurika miguuni.

Jumatano, 4 Agosti

Maafa.

Kapteni kanitafuta alfajiri. Kavuka kizingiti cha uani, kaingia ukumbini, kucha zake kwenye saruji ka-ka-ka-ka, ananusa mlango kwa mlango. Na mlango wa tatu ni wa Bi Mwamvita, mwenye nyumba. Mzaramo wa hapa hapa, mtu wa swala tano. Alikubali mbwa akae kwa sharti moja tu, asivuke kizingiti. Basi Bi Mwamvita kafungua mlango na birika lake, ametoka kutawadha, pua ya Kapteni, mbichi, kwenye goti lake.

Ukelele ule nadhani Ubungo wameusikia.

Tumeitwa wote uani. Bi Mwamvita kasema yeye hana ugomvi na kiumbe cha Mungu, lakini kiumbe kikae kwake. Kasema zile si kucha, ni viatu vya askari. Kasema akizisikia tena ukumbini baada ya Jumapili, mbwa atoke, na aliyemwingiza atoke naye. Kisha kaniangalia mimi. Sijui kwa nini kaniangalia mimi. Labda kwa sababu ya dagaa aliyemkanyaga mlangoni.

Tekla kasema hajawahi kukata kucha za mbwa, anaogopa kumuumiza. Nikaona mlango umefunguka. Nikasema mbele ya watu wote kwamba kazi hiyo niachieni mie, kule misheni kwetu nilikuwa nawakata mbwa wa Padri kila Jumamosi.

Padri hakuwa na mbwa. Alikuwa na kuku.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimemtuma Tekla sokoni. Nimemwambia bamia zimeshuka bei. Akibaki atataka kunisaidia kumshika, na akimshika, sifa tutagawana. Sitaki kugawana.

Nimemkamata Kapteni, mkasi mkononi na Didas mgongoni. Kosa la kwanza. Didas kashika sikio langu, mie nimeshika mguu wa mbwa, mbwa kashika khanga yangu kwa meno. Tumezunguka kinu mara tatu. Nimekata! Nilipotazama nimekata pindo la khanga, ile mpya, upande wenye maandishi.

Mara ya pili mkasi umeifikia kucha yenyewe. Kucha ikabaki vile vile. Mkasi ukapinda. Ni mkasi wa Tekla.

Tekla karudi bila bamia. Kasema bei ni ile ile. Kautazama mkasi, kasema hata hivyo ulikuwa umezeeka. Kapteni kapanda mapajani mwake na kunyoosha miguu yote minne juu kama mtoto wa kliniki. Nimeingia ndani nikamnyonyesha Didas ingawa hakuwa na njaa.

Ijumaa, 6 Agosti

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika.

Asubuhi nilikuwa namkata Didas kucha. Yaani kwa meno, kama mama alivyonikata mimi, na bibi alivyomkata yeye. Mtoto mchanga hawekewi chuma vidoleni. Unakitia kidole mdomoni, unabana taratibu, kucha inatoka laini kama ganda la njugu, naye anacheka. Vidole vyake kumi, nimevimaliza hata hajashtuka. Nikawaza, Kapteni naye ni mtoto wa mtu. Kinachomtisha ni mkasi.

Nikamwogesha miguu kwanza. Mie si mchafu. Nikakaa naye nyuma ya banda la kuni, nikamwimbia wimbo ule ule wa Tekla, maneno siyajui lakini nikaimba. Katulia! Nikatia kidole mdomoni. Nikabana.

Kucha ya mbwa ni kitu kingine. Ni kama kutafuna kishikio cha mwavuli. Nikabadilisha upande, nikatia magego. Ikaanza kuitika. Nikafumba macho nikaongeza nguvu.

Nilipofumbua macho, Bi Mwamvita kasimama mbele yangu na kapu la kuni.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Kakaa juu ya kinu, kaweka mkono kifuani, kaniuliza kwa sauti ndogo, Mama Didas, mwanangu, nyumbani kwenu chakula kimekwisha?

Nimeoshwa mdomo mara saba. Moja kwa mchanga. Kasimama mwenyewe kuhesabu, na ya nne kairudisha kwa sababu nilimeza. Nikamkumbusha kwamba mie Mkristo. Akasema dini yangu anaiheshimu, lakini kata ya mtungini tunachangia.

Muda wote huo Tekla alikuwa amemshika Didas. Didas alikuwa anacheka. Kila nikitema, anapiga makofi.

Jioni habari imefika kwa Projestus kabla yeye hajashuka kwenye baisikeli. Kanikataza kuonja mchuzi. Kauonja Tekla! Kasema chumvi imekaa sawa.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimechukua plasi ya baisikeli ya Projestus. Tekla nimemwambia kwaya wanamwita kanisani.

Kucha ya kwanza, tap! Ya pili, tap! Ya tatu! Nikajiona fundi. Nikawaza nitakavyosimama mbele ya Memsabu, nitakavyoinamisha kichwa kidogo, si sana. Nikawaza cherehani chini ya dirisha, na Didas kalala kando yake ndani ya shati nililolishona mwenyewe, lenye kola.

Ya nne nilikata nikiwa naiwaza kola.

Damu! Sikujua kucha ya mbwa ina damu ndani. Nyeusi vile, utajuaje? Kapteni kalia kama mtu, kazunguka uani kwa miguu mitatu, kila anapopita alama nyekundu. Nimeweka jivu, likaruka. Nimeweka unga wa muhogo, akaulamba. Mwisho nimemfunga kwa kitambaa cha winda, safi, kilichoanikwa sasa hivi, nikamshika mguu huku nikimwomba radhi kwa Kihaya. Damu ikakatika. Akanilamba mkono. Mbwa mjinga huyu. Nimelia kidogo.

Lakini mguu ule mweupe sasa una doa la kahawia, nimesugua haliondoki. Na siku zimebaki saba.

Tekla karudi, kasema kwaya hawajui habari ya kumwita. Kaona kitambaa. Kamchukua Kapteni, kamkalisha mapajani. Hakuniuliza hata swali moja! Mtu wa kulipiza kisasi kimya kimya namna hii sijapata kumwona.

Jumatatu, 9 Agosti

Jana Jumapili ilipita. Leo asubuhi nilisikiliza ukumbini. Kimya. Bi Mwamvita kasema kasikia kimya hicho mpaka kikamwamsha. Nikasema nashukuru. Akasema hakunishukuru mimi, kamshukuru Tekla. Kumbe! Kumbe Tekla kila asubuhi alikuwa anamsugua Kapteni kucha kwa jiwe la kusugulia visigino. Mbili leo, mbili kesho, anamwimbia, mbwa analala. Zimekuwa duara kama shanga. Hata ile niliyoikata mimi kaizungukia vizuri.

Nimekosa hamu ya kula.

Lakini Mungu hamtupi mtu. Bi Mwamvita anaponda hina, mpwa wake anaolewa Mbagala. Nikatazama bakuli lile, nikatazama mguu wa Kapteni. Mguu mmoja ukiwa na doa, ni jeraha. Minne ikiwa na rangi moja, ni pambo! Hakuna atakayeuliza.

Nikaomba hina kidogo. Nikasema ya kwangu. Bi Mwamvita kafurahi mno, kasahau mambo ya Ijumaa, kaniita mwali wake, kasema sasa naanza kuwa mtu wa pwani. Kanipa kopo zima, kanifundisha namna ya kupaka. Roho iliniuma. Dakika moja hivi.

Nimepaka miguu yote minne mpaka vifundoni, nikafunga matambara. Ilibidi nimshike asilambe, basi nimekaa naye mapajani mchana kutwa nyuma ya banda, Didas kalala mgongoni, mbwa kalala mbele. Wote wawili wanakoroma. Kapteni akilala anatikisa kidole kimoja cha mguu kama Didas. Nilikuwa sijamtazama vizuri.

Mikono yangu imekuwa myekundu mpaka vifundo. Bi Mwamvita kaisifu, kaniuliza mbona sikuchora hata ua moja.

Alhamisi, 12 Agosti

Inazidi! Jumatatu ilikuwa rangi ya chungwa. Jumanne rangi ya tofali. Leo ni rangi ya damu ya mzee. Nimejuta. Nikamwosha kwa ndimu, nne nzima, nimesugua mpaka mikono ikachubuka.

Bi Mwamvita kanikuta nasugua. Safari hii kapiga ukelele, lakini wa kicheko. Kajishika mbavu, kaita mtaa mzima. Kasema ewe mwana wa Kihaya, ndimu ndiyo inayoikoleza hina! Kasema hina ya mpwa wake haikukolea hata nusu ya hii. Kamzunguka Kapteni, kauliza bwana harusi anatoka wapi, posa imeletwa na nani, na je, ngoma tunapiga lini. Mtu wa maji kaweka madebe chini akapiga kigelegele. Kapteni katikisa mkia. Anadhani anasifiwa!

Kisha Bi Mwamvita kaniambia taratibu, ungesema ni ya mbwa ningekupa ile ya mwaka jana.

Tekla hakucheka. Kasema Kapteni kapendeza. Anajua Memsabu akiona atakasirika, na anajua nani kapaka. Anasubiri Jumamosi tu. Ningekuwa yeye ningesubiri hivyo hivyo.

Projestus kaandika barua kwa mama yake. Iko mezani. Bado hajaipeleka posta.

Jumamosi, 14 Agosti

Gari limefika saa nne. Albano kafungua mlango, Memsabu kashuka na kofia yake ya ukili. Kapteni kaporomoka kutoka uani kama jiwe, kamrukia. Memsabu kapiga magoti mchangani, kakamata mguu wa mbele.

Kageuza mguu. Kashika wa pili. Uso ukaiva. Mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutetemeka. Nikajua imekwisha. Nikaiona treni. Nikamwona Projestus stesheni, amemwinua Didas dirishani kwa mara ya mwisho.

Memsabu kauliza, "Nani nafanya hii?"

Tekla kafungua mdomo. Nikajua anataka kunitaja. Nikamwahi. Nikasema Tekla! Ni Tekla, Memsabu, peke yake, kucha na rangi, mie sikugusa! Nikamwonyesha kwa kidole. Kidole chekundu mpaka kifundo.

Memsabu kaondoa mkono mdomoni. Alikuwa anacheka! Kacheka mpaka kofia imedondoka. Kasema "kama bibi harusi, kama bibi harusi," kamkumbatia mbwa, kampapasa kucha, kasema hajapata kuziona nzuri namna ile, haziparui tena soksi. Kaagiza kamera. Kapigwa picha Kapteni. Kapigwa picha Tekla na Kapteni. Mimi nimo pembeni, kiwiko.

Cherehani ilikuwa ndani ya gari muda wote. Albano kaishusha. Imepita mbele yangu, ina maua ya dhahabu ubavuni, imekwenda chumba cha pili.

Didas kanyoosha mikono yote miwili. Kwa cherehani.

Jumapili, 15 Agosti

Sikwenda Misa. Nilisema kichwa.

Tekla kaja baada ya Misa. Nilijua kaja kuringa. Kakaa kitandani, kaanza kulia. Kasema tangu aje mji huu hakuna mtu aliyepata kumtendea wema kama wa jana. Kasema alitaka kusema kwamba mapambo ni ya Mama Didas, lakini Mama Didas akamwahi, akamsukumia sifa zote, na huku anaihitaji cherehani kuliko yeye. Kasema amewaambia wote kanisani.

Nikampa pindo la khanga afute machozi.

Kumbe hajui kushona hata kifungo. Kasema cherehani ikae humu chumbani mwetu, chini ya dirisha ambapo kuna mwanga. Mie nishone, yeye auze, na mchana nikishona atamshika Didas. Aliposema Didas sauti ilikatika. Wameoana miaka minne sasa na Albano. Siandiki zaidi.

Wameiingiza saa tisa. Projestus kazungusha mkono wa cherehani mara moja, kuijaribu tu. Kisha kachukua ile barua mezani, kaichana vipande vinne, kasema ataandika nyingine. Nimemkumbatia mbele ya watu.

Nimekata shati la Didas. La kola.

Lakini nimewaza jambo. Kila mchana Didas atakuwa kwa Tekla. Kila mchana! Atamwimbia. Kabla ya Krismasi mtoto atakuwa anajua Kingoni. Kumbe hesabu yake ndiyo hii. Mjanja sana yule.

Jumatano, 18 Agosti

Albano kaleta salamu kutoka Oysterbay. Rafiki yake Memsabu kamwona Kapteni ufukweni na miguu yake, kashikwa na wivu hasa. Anataka wake afanyiwe vile vile. Mbwa wake ni mkubwa kama ndama. Na huyo mama ana kigari cha mtoto, cha magurudumu manne, chenye kivuli, wanawe wamekua, hakina kazi tena.

Tekla kaniomba nifanye mimi, maana hina yeye hajui. Kucha atasugua yeye, rangi nitapaka mimi, na safari hii, kasema, tumwambie huyo mama ukweli kwamba tumefanya wote wawili. Nimemwitikia. Nimemwita dada.

Leo nikishona nimekaa nikatafuta nilikosea wapi Jumamosi ile, na nimepaona. Nilisema haraka. Memsabu alikuwa amefunika mdomo, mie sikungoja auondoe mkono. Hilo ndilo kosa, jingine silioni.

Safari hii nitangoja. Nitamtazama huyo mama usoni vizuri, mkono ukiwa chini. Akicheka, ni mimi. Akifoka, ni Tekla.